Namna ya kufundisha watoto wa msingi kukosoa mchoro wa mwenzao bila kumuumiza

Walimu wenzangu wa msingi, hasa nyie mliopewa kipindi cha Sanaa na Michezo kwa sababu tu mna mwandiko mzuri ubaoni (najua mpo wengi, mimi mwenyewe ndo nilivyopewa), leo naongea na nyie. Wazazi pia someni, mengi hapa yanafanyika hata sebuleni.

Nianze na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha huku Mbeya nilikuwa na darasa la tatu, watoto themanini na kitu, nikawaambia wachore njia ya kutoka nyumbani mpaka shuleni. Wakaleta nyumba, barabara, mparachichi, na lile jua la kona lenye miale ambalo kila mtoto Tanzania hii analichora na sijui nani aliwafundisha. Kijana mmoja aliyekuwa amehamia kutoka upande wa Tukuyu akaleta karatasi imepakwa mkaa kuanzia juu mpaka chini, kijivu tupu, na vistari viwili vyeusi pale katikati. Darasa likacheka. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikainyanyua juu wote waione nikasema huyu kachafua karatasi, kachore upya. Hakubisha. Mapumziko nikamuuliza hivi ulikuwa unachora nini, akasema "ukungu madam, na hiyo ni miguu ya dada". Yaani wanaondoka nyumbani alfajiri wanakatisha mashamba ya chai, ukungu umeshuka, kitu pekee anachokiona ni miguu ya dada yake aliyetangulia, akiipoteza hiyo amepotea. Darasa zima nilikuwa na picha moja tu iliyojibu swali langu sawasawa, na ndo hiyo niliyoichekea.

Baada ya hapo nikaanza kuwasikiliza watoto wanasema nini wakiona mchoro wa mwenzao. Ni vitu vitatu tu: nzuri, mbaya, na kicheko. Nilikuwa nadhani ni utovu wa nidhamu, kumbe hapana, ni kwamba mtoto hana neno. Anaona kabisa kwamba mlima wa mwenzie umekuwa mdogo kuliko kuku lakini hajui alisemeje hilo, sasa anacheka. Kwa hiyo ukiingia darasani na manila yako imeandikwa TUHESHIMIANE ukaibandika ukutani umepoteza manila. Wape maneno kwanza.

Alafu kuna shida kwenye neno lenyewe. Kukosoa lina kosa ndani yake, ukimwambia mtoto wa miaka tisa "kosoa picha hii" anaenda kutafuta kosa, na atalipata, na atalitangaza kwa sauti. Uhakiki nalo ni neno la vitabuni, wanaliogopa. Mimi darasani nasema "tunasoma picha". Leo tunasoma picha ya fulani. Wanaelewa haraka kwa sababu kusoma wanajua maana yake ni kuangalia taratibu mpaka uelewe.

Sasa usianze na picha ya mtoto. Hili nalisisitiza kwa sababu ndo wengi tunakosea, tunataka kipindi cha kwanza tu watoto wakae mbele wasemwe. Anza na kitu ambacho aliyekitengeneza hayupo chumbani. Sisi wa nyanda za juu kusini hatuna shida hapo, vitu vimejaa. Kikapu cha Iringa kile cha milulu, khanga ya mama, au chungu cha Wakisi. Mimi napendelea chungu. Kinafinyangwa na akina mama wa kule Ikombe, pembeni ya Ziwa Nyasa, na Jumamosi wanakuwa na soko lao Lyulilo pale Matema. Ukibahatika kushuka Kyela beba hata kidogo, na funga kwenye nguo vizuri, barabara ni ndefu. Na kama upo Iringa, pale Igeleke nje kidogo ya mji kuna michoro ya kale ya watu na wanyama kwa rangi nyekundu kwenye mwamba, wapeleke watoto kwa miguu na uwaambie hakuna kugusa.

Chungu kinazunguka mkono kwa mkono. Anayekishika anasema sentensi moja inayoanza na NAONA, na haruhusiwi kurudia ya mwenzake. Wa mwanzo wanapeta: naona mdomo wa duara, naona rangi ya udongo, naona urembo mweupe. Kuanzia mtoto wa kumi hivi ndo wanaanza kuhangaika, wanakigeuza, wanakisogeza dirishani, na hapo ndo somo linaanza. Siku moja msichana mmoja mkimya sana alikizungusha mara tatu alafu akasema "naona mstari wa shingoni haujakutana". Tukakiangalia, kweli bwana, ule mstari wa urembo ulipozunguka ukarudi ulikuja kuishia juu kidogo ya pale ulipoanzia, kama upana wa punje ya mahindi. Mimi kile chungu nilikuwa nacho nyumbani mwaka mzima sijawahi kuona. Mmoja akadakia "alikosea!" nikamuuliza, unaona nini kinachokufanya useme hivyo?

Hilo swali likariri. Sijalitunga mimi, ni la Philip Yenawine na Abigail Housen wa Marekani, ambao mbinu yao ya kuangalia sanaa na watoto imekaa kwenye maswali matatu: kuna nini kinaendelea kwenye picha hii, unaona nini kinachokufanya useme hivyo, na kuna nini kingine tunaweza kuona. Uzuri wa lile la katikati ni kwamba halimpingi mtoto wala halimkubali, linamrudisha kwenye kitu. Yule wa "alikosea" akabaki anakodoa macho, mwenzake akasema labda mkono ulichoka, mwingine akasema labda ndo alama yake ili ajue chungu chake sokoni. Hatukujua nani kapatia na kipindi kikaisha hivyohivyo.

Wiki mbili za kwanza kaa kwenye NAONA tu. Utaboreka wewe, watoto hawaboreki. Edmund Feldman, naye wa Marekani, alipanga usomaji wa sanaa kwa hatua nne, kueleza kilichopo, kuchambua kilivyopangwa, kufasiri maana yake, na mwisho kabisa kutoa hukumu, na sisi watu wazima kila siku tunaanzia ya nne. Kwa darasa la kwanza na la pili mimi naishia hatua ya kwanza na kidogo ya tatu. La tatu na la nne naongeza ya pili. Ushauri wa "ungefanya hivi" nauacha mpaka la tano kwenda juu, wadogo wakishauri wanakuwa kama wakuu wa shule.

Wakati huohuo jenga ukuta wa maneno. Kipande cha boksi tu, kila kipindi kinaongezeka maneno matano. Mstari: mnene, mwembamba, uliopinda, uliokatika, unaotetemeka. Rangi: imekolea, imefifia, imechanganyika, imetoka nje ya mstari. Nafasi: pamejaa, pamebanana, pako wazi, kinaelea, kiko mbele, kiko mbali. Mtoto akikosa neno la Kiswahili akasema la Kinyakyusa au la Kisafwa usimkatishe, muulize darasa zima tunaliitaje hilo kwa Kiswahili, likipatikana linaenda ukutani, lisipopatikana linaenda hivyohivyo lilivyo.

Kitu kingine cha kuvunja mapema ni ile imani kwamba picha nzuri ni inayofanana na kitu chenyewe. Hapo mlete Tingatinga. Edward Said Tingatinga alizaliwa Tunduru 1932, mtu wa kusini, akaanza kuchora Dar mwaka 1968 kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi zile za kupakia baiskeli, akafariki 1972, yaani ni miaka minne tu hiyo na mpaka leo watu wanachora kwa mtindo wake. Tafuta picha yoyote ya mtindo huo, hata kwenye simu, waonyeshe chui mwenye madoa makubwa na macho ya kushangaa, uwaulize chui wa kweli yuko hivi? Watasema hapana. Kwa hiyo amekosea? Acha wabishane, usitoe jibu. Nusu kipindi itaenda na siyo hasara.

Baada ya vitu vya watu wa mbali, kabla ya picha za watoto, kuna daraja katikati hapo na ni wewe mwalimu. Chora ubaoni kitu chako, chora kweli usijifanye, alafu waambie wasome. Mimi nilichora Mlima Loleza na nyumba chini yake. Kimya. Hakuna anayetaka kumsema madam. Nikasubiri, ikaja "naona mlima", "naona nyumba", mwishowe kijana wa nyuma akajikaza, "madam, mlango ni mdogo, labda wanaingia kuku". Wakacheka wote na mimi nikacheka, kisha nikafuta mlango nikauchora upya mbele yao. Usipofuta na kurekebisha hapohapo zoezi lote halina maana, wanatakiwa waone mtu mzima anaambiwa kitu na hafi.

Lakini ukiangalia sentensi ya yule kijana, kasema mlango ni mdogo, hajasema umechora mlango mdogo. Hapa ndo pana siri yote na Kiswahili kimetusaidia kuliko lugha nyingi. Angalia herufi ya mwanzo ya kitenzi. Umekosea, umechafua, hujui, hukumaliza, zote zinamgonga mtu kifuani. Sasa hamisha ngeli, peleka kwenye kitu: rangi imetoka nje, miti inaelea, nyumba zimebanana upande mmoja, jicho limekuwa kubwa. Kilichosemwa ni kilekile, aliyesemwa ni mwingine. Mimi nawaambia watoto "toa WEWE weka KITU", tunafanya kama zoezi la Kiswahili kabisa, naandika ubaoni "Hujui kuchora ng'ombe", wao wanageuza. Majibu niliyowahi kupata: "miguu ya ng'ombe iko upande mmoja yote", "ng'ombe amekaa kama meza". Hilo la meza lina utata, nusu darasa walisema ni tusi nusu wakasema ni kweli, tukakubaliana kufananisha kunaruhusiwa ila useme na sehemu gani imekufanya ufananishe. (Kuna mtego mmoja, mlima na mti navyo vinatumia u-, "umekuwa mdogo" mtoto anaweza kudhani kaambiwa yeye. Kwa hiyo lazima kitu kitajwe kwanza, MLIMA umekuwa mdogo.)

Sentensi za kuanzia nazo ziandike ubaoni, nne zinatosha. Naona... Macho yangu yalianzia kwenye... Najiuliza kwa nini... Na kwa wakubwa, Ingekuwaje kama... Hiyo ya mwisho ni tamu sana kwa sababu haimwamrishi mtu, inaacha mlango. "Ingekuwaje kama barabara ingepita nyuma ya nyumba". Mwenye picha akitaka anapita, asipotaka basi.

Nzuri nayo imepigwa marufuku darasani kwangu, sawasawa na mbaya. Watu wananishangaa. Lakini nzuri ya mtoto mara nyingi maana yake ni "wewe ni rafiki yangu" au "nimechoka nataka kukaa". Ukisema nzuri lazima uweke kidole, nzuri wapi.

Siku yenyewe ya kusoma picha za watoto sasa. Darasa la themanini huwezi kufanya kwa pamoja, watasemwa wawili kengele inalia. Gawa kwa madawati, watoto sita au saba, kila kikundi picha mbili kwa siku na wiki ijayo zamu ya wengine. Funga waya dirisha mpaka dirisha, picha zininginizwe kwa vibanio vya nguo usawa wa macho YAO siyo yako. Mwanzoni majina yanakuwa nyuma ya karatasi. Watajuana tu, mwandiko na rangi wanazijua, ila inasaidia mdomo kuangalia picha badala ya kumwangalia mtu. Dakika mbili za kwanza hakuna kuongea kabisa, macho tu, na hizo mbili kwa watoto ni ndefu kama foleni ya mizani, vumilia. Kisha wananong'onezana wawiliwawili, hii ni kwa ajili ya wale wakimya ambao ukiwauliza hadharani wanashika meza na kuangalia chini, wakishasema kwa mwenzao mara moja ya pili inatoka.

Mwenye picha ana haki zake na uzitangaze mapema. Moja, yeye ndo anachagua anataka asomewe nini, anasema "naomba mniangalizie mikono, imenisumbua", na kikundi kinaanzia hapo. Mbili, anaongea mwisho, siyo kila mtu akisema neno anajitetea. Tatu, akimaliza kusikiliza anasema asante, kwetu wanasema "ndaga" na wanapenda kweli kulitumia darasani, na hiyo asante haimaanishi amekubali ushauri. Nne, akisema leo hapana, picha yangu isisomwe, ni hapana na usimuulize sababu. Kuna ambaye alikataa muhula mzima na muhula uliofuata akaja mwenyewe kubana picha yake kwenye waya.

Yatakayokutokea. Kicheko kitatokea tu. Usifoke na fimbo iache ofisini. Mgeukie aliyecheka kwa sauti ya kawaida kabisa, "umeona kitu, umeona nini?" Asilimia kubwa ana jibu la maana nyuma ya kicheko, na likitoka kwa maneno yule mwenzake anapumua. Asipokuwa na jibu ataona aibu kidogo mwenyewe, inatosha. Visasi pia vipo, waliogombana kwenye mpira wanakuja kumalizana kwenye picha, utawajua kwa sababu wanasema mambo mengi bila kuangalia karatasi, hao warudishe kwenye NAONA tu. Na yule bingwa wa kuchora wa darasa, usimsahau, maana yeye anapewa "waaa" kila siku na hakuna anayemwambia kitu, mwaka mzima anachora gari lilelile la Fuso. Yeye muulize waziwazi, ingekuwaje kama ungelichora likiwa linakuja mbele yetu? Wangu alihangaika wiki nzima na taa za mbele.

Wewe mwalimu nawe, kalamu nyekundu isiguse mchoro. Hakuna alama 6/10 kwenye jua la mtu, hakuna tiki, wala usimchukulie penseli ukamrekebishia pua, ile picha siyo yake tena. Ukiwa na neno andika kwenye kikaratasi ubandike nyuma.

Alafu kubwa ambalo wengi wanaruka. Lazima kuwe na nafasi ya kuchora tena. Kama picha inasemwa alafu inaenda kabatini, hapo tumekaa kumsengenya mtu mbele yake. Kuna mwalimu Mmarekani, Ron Berger, anapenda kuwaeleza watoto habari ya mtoto wa darasa la kwanza kule Boise, Idaho, aliyepewa kazi ya kuchora kipepeo kutoka kwenye picha halisi. Cha kwanza kilikuwa kipepeo cha kitoto tu. Wenzake wakamwambia angalia umbo la mabawa, akachora tena, wakamwambia sasa angalia mapambo, akachora tena, na alipofika cha sita kilikuwa kama cha kwenye kitabu cha sayansi. Masharti ya Berger kwa wanaosema ni matatu, liwe la upole, liguse sehemu maalum, na limsaidie mwenzako. Watoto wangu wanaulizaga hakuchoka? Lazima alichoka. Karatasi ndo shida yetu, najua, sisi tunatumia upande wa pili wa mitihani ya zamani na maboksi ya sabuni yaliyopasuliwa, mkaa unatoka jikoni, udongo mwekundu upo kila mahali. Na za zamani usitupe, zibane pamoja kwa stepla, ya kwanza chini mpya juu, ili mzazi akija anafunua anaona zimetoka wapi.

Wazazi wengine watakwambia mtoto anapoteza muda na michoro, mtihani unakuja. Mimi sibishani, nampa zile picha zilizobanwa kwa stepla afunue.

Kwa muda wa dakika 40 mgawanyo wangu ni hivi: tano kubana picha na kutulia, mbili za kimya, tano za kunong'onezana, kumi na tano za kusoma picha mbili, kumi za kuchora tena hapohapo wakiwa bado wanakumbuka walichoambiwa, zinazobaki ni za kukusanya. Kwenye kukusanya hesabu vibanio kabla kengele haijalia. Nilianza na ishirini na nne, mpaka naandika hapa vimebaki tisa, na kimoja nimekiona juzi kwenye sketi ya mtoto kimeshika zipu.